Mafundo Saba ya Kanga: Safari za Siri za Watoto wa Nachingwea na Ruangwa



Sisi ni mtu na mdogo wake, tumezaliwa na kulelewa Unguja mjini, na kwa majaaliwa ya Mwenyezi Mungu sote wawili tumeolewa mkoa wa Lindi. Mmoja yuko Nachingwea, mwingine Ruangwa. Tuliondoka nyumbani na masanduku ya kanga, udi na viungo, na mama alituusia mengi kuhusu waume na wakwe. Jambo moja hakutuusia, nalo ndilo lililotusumbua zaidi baada ya kupata watoto: siku ya Idi, mtoto wa bara utampeleka wapi?

Aliyekulia Unguja anajua tunachosema. Kwetu sikukuu ina siku nne, mosi hadi nne, na kila jioni ina mahali pake. Unavishwa nguo mpya, unapita nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi, kisha unashika njia ya Mnazi Mmoja, pesa umezikunja kiganjani mpaka zimelowa jasho. Kuna mapembea, vinyago, maembe ya pilipili, ubuyu, na watoto wa mitaa yote wamekutana. Kuna pia uwanja wa kufurahishia watoto wa Kariakoo, na tangu Bustani ya Forodhani ilipofunguliwa upya mwaka 2009 watoto wana sehemu yao ya kuchezea karibu na bahari. Furaha hii si ya kuonewa haya. Bi Aisha (R.A.) amesimulia jinsi alivyosimama nyuma ya bega la Mtume (S.A.W.) siku ya Idi akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, na Mtume hakuondoka mpaka yeye mwenyewe aliporidhika. Kuwastarehesha watu wa nyumbani siku kama ile ni sehemu ya dini yetu.

Basi Idi ya kwanza huku, mtoto amevishwa kanzu na kofia, ametembezwa sokoni, amenunuliwa barafu, amepigwa picha, amerudi. Saa kumi jioni akauliza: "Mama, mapembea yako wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tukaanza kuwauliza akina mama wakubwa wa huku walifanyaje wao. Ndipo tulipojifunza historia ambayo skuli hatukuisoma hivyo.

Kisa cha karanga wengi mmewahi kukisikia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, na mwaka 1946 ukabuniwa mpango wa kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, ekari milioni tatu na zaidi, kwa gharama ya pauni milioni 25. Sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Huku Kusini ndiko kulikotarajiwa kulimwa sehemu kubwa kuliko zote. Lakini hapakuwa na bandari ya kutosha wala reli, kwa hiyo vikajengwa vyote viwili: bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli iliyoanzia Mkwaya, ndani ya hori ya Lindi, ikapanda bondeni mpaka Nachingwea. Treni ilianza kwenda mwaka 1949. Nachingwea ikageuka mji wa haraka haraka: nyumba za mabati, karakana, uwanja wa ndege, vibarua kutoka kila upande.

Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba mpango umekufa. Pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Mvua haikufuata makadirio, ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa kama saruji, miti ya Kusini iliwashinda matrekta. Waliofukuzwa kazi walirudi kwao na walichonacho mkononi. Ila reli ilikuwa imeshalazwa, na bandari ilishaanza kujengwa. Mwaka 1954 Mtwara ikafunguliwa na reli ikafika huko, na mwaka 1958 ikaongezwa tawi la Masasi. Karanga hazipo, treni ipo. Ruangwa, iliyoko kaskazini, haikupitiwa na reli hata siku moja, na watu wa huko mpaka leo wanawatania wa Nachingwea kwamba walipewa kitu cha kujivunia kikachukuliwa.

Hapa ndipo anapoingia mama mkwe wa mmoja wetu. Yeye alikuwa mtoto wa kibarua wa reli. Anasimulia kwamba alikuwa na umri wa kama miaka minane. Usiku mmoja alimsikia mama yake akifua nguo gizani, jambo ambalo si la kawaida, na alfajiri wakaamshwa yeye na nduguze wawili wakapakwa mafuta na kuvishwa. Walijua wanakwenda shamba. Mama yao hakusema wanakwenda shamba, wala hakusema hawaendi. Alisema tu, "Haya, twendeni." Njia ya shamba ilikuwa kushoto. Wakageuka kulia. Walipofika stesheni wakadhani wamekuja kumpelekea baba chakula, mpaka baba yao mwenyewe alipowanyanyua mmoja mmoja akawaingiza behewani.

Walikwenda Mtwara kutazama bahari. Hawakuwahi kuiona. Anasema mdogo wake alilia kwa sababu aliambiwa maji yale yote hayanyweki. Walilala kwa jamaa, kesho yake wakarudi. Hicho ndicho kitu kikubwa kilichompata utotoni, na anakisimulia kana kwamba kilitokea juzi, na kila mara anaanzia pale pale, mama anafua nguo usiku.

Tulimuuliza: kwa nini mama yake hakuwaambia mapema, wakafurahia wiki nzima? Akatutazama kama wajinga. Mama yake, alisema, alikuwa ameishi Nachingwea wakati wa karanga. Aliona watu wakiahidiwa nyumba, mishahara na mashamba, na aliwaona wakifunga mizigo. Baada ya hapo alikula kiapo kwamba watoto wake hawatasikia ahadi ambayo haijakuwa mkononi. Tiketi ya treni ilipopatikana ndipo alipofua nguo.

Reli yenyewe haikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, uhuru ukiwa bado mchanga, ilifungwa kwa sababu mzigo wake haukulipa gharama, na vyuma viking'olewa. Mashamba ya karanga yakapata kazi nyingine. Moja lao, lililojulikana kama Farm 17, likawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji, na wanawake wa nchi ile walipata mafunzo Nachingwea. Josina Machel, aliyeolewa na Samora Machel Mei 1969 na kufariki Dar es Salaam Aprili 1971 akiwa na miaka 25, alikuwa miongoni mwao, na sehemu ya kazi yake ilikuwa malezi ya watoto waliotenganishwa na wazazi wao na vita. Mabibi harusi wanaokuja Nachingwea wakadhani wameletwa mahali pasipo na historia, na wajue hilo.

Turudi kwa watoto. Siku hizi neno "sapraizi" liko midomoni mwa kila mama mwenye simu. Tunaona video za watoto wa Ulaya na Dubai: wanafunguliwa sanduku, wanatoka baluni zenye jina la bustani ya michezo, watoto wanapiga mayowe. Wengine hapa kwetu wameiga, na wakaongeza chumvi. Mtoto anaambiwa anapelekwa hospitali kuchomwa sindano, analia njia nzima, simu inamrekodi, kisha anateremshwa mlango wa sehemu ya michezo Dar es Salaam na watu wanacheka. Sisi hatuipendi hiyo, na tutasema kwa nini.

Imepokewa katika mkusanyiko wa Abu Dawud kwamba Abdullahi bin Aamir (R.A.) akiwa mtoto aliitwa na mama yake aje apewe kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa amekaa nyumbani kwao. Mtume akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu, tende. Mtume akamjulisha kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uwongo mmoja. Tende tu, na mtoto mdogo! Basi sindano ya uwongo, machozi ya nusu saa, kwa ajili ya kuchekesha watu, tutaiweka wapi?

Kunyamaza ni jambo jingine. Mama yake mama mkwe hakusema neno la uwongo. Aliwaacha watoto wakisie, na wakakisia vibaya, hiyo ni juu yao. Tofauti hii ni nyembamba lakini ndiyo kila kitu, na tunaona wanawake wa Kusini waliijua kabla ya sisi kufika na vitabu vyetu. Hata katika jando na unyago, ambavyo sisi wa visiwani tunavitazama kwa jicho letu na vina mambo ambayo dini imeyawekea mipaka, lipo hili la siri: siku haitangazwi kwa mtoto, na furaha kubwa inawekwa mwisho, pale mwali anapotoka na nguo mpya, amebebwa mabegani chini ya mwavuli, watu wanamtunza pesa. Ni wakati wa kiangazi, mavuno yameingia ndani. Hakuna anayefanya sherehe ya watoto huku kabla ya mavuno. Na hapo ndipo sisi tulipokosea.

Mwaka 2018 tuliwaahidi watoto. Tuliwaahidi kwa sauti, tukiwa tumekaa ukumbini wote, kwamba korosho zikiuzwa tutakwenda Dar es Salaam kwenye mabwawa ya kuteleza ya Kunduchi, kisha tuvuke kwenda kwa bibi Unguja. Tulisema in shaa Allah, ndiyo, lakini tuliisema kama koma.

Msimu ule mnaukumbuka. Bei za minadani zilikataliwa na wakulima, na Novemba 2018 Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ikawatumia wanajeshi kuzikusanya. Bei ilikuwa nzuri. Ila kwa wakulima wengi pesa ilichelewa, mwezi ukazaa mwezi. Sisi tukawa tunasema "wiki ijayo". Disemba ikaisha, skuli zikafunguliwa. Binti mkubwa wa Nachingwea, miaka tisa, aliacha kuuliza. Siku moja alimwomba mama yake daftari, akaambiwa in shaa Allah nitakununulia, akamgeukia mdogo wake akamwambia kwa sauti ndogo: "Hamna."

Neno lile lilituchoma. Mtoto ameshajifunza kwamba in shaa Allah ya mama maana yake ni hapana. Mwenyezi Mungu katika Suratul Kahf ametufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila kuliambatisha na mapenzi Yake, na sisi tumeligeuza kuwa njia ya adabu ya kumkatalia mtoto. Yule binti hakuwa na kosa. Alikuwa ametusikiliza vizuri tu.

Mama mkwe hakutulaumu. Alisema tu kwamba korosho ni kama treni: unaipanda ikifika.

Kwa hiyo mwaka 2019 tukapanga upya, na safari hii tuliwafuata wakubwa. Kwanza, pesa. Huku mwaka wetu hauhesabiki kwa mishahara peke yake. Ufuta unavunwa, unapelekwa ghalani, unauzwa kwa mnada chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na pesa yake hufika mapema kuliko ya korosho, katikati ya mwaka. Aliyeolewa huku na bado anapanga mambo ya watoto kwa kalenda ya Disemba anajitesa. Pili, sikukuu. Nane Nane ya mwaka ule, Alhamisi, ilifuatiwa siku chache tu na Mfunguo Tatu. Mungu atupe nini tena?

Kuhusu Nane Nane tuseme kidogo, kwa sababu wenzetu wa visiwani huiona ni ya wakulima tu. Kwa mtoto wa Kusini, viwanja vya Ngongo, Lindi, ndiyo bustani yake ya michezo. Maonyesho haya yamerithi mahali pa Saba Saba, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa siku ya wakulima kabla ya kugeuzwa kuwa ya biashara, na kuanzia mwaka 2014 hadi 2017 sherehe za kitaifa zilifanyika hapo Ngongo, nchi nzima ikaja Lindi. Utaona ng'ombe wakubwa kama magari, samaki kwenye mabwawa, mahindi yaliyopandwa kwa ajili ya kutazamwa, mabanda ya halmashauri zetu wenyewe, ngoma, na pembezoni kabisa wauza aiskrimu na mapembea ya kukodi. Hakuna mteremko wa maji. Lakini mtoto anayemwona sungura mweupe kwa mara ya kwanza hajui kwamba anakosa kitu.

Tatu, siri. Tulichukua kanga kuukuu ya mama yetu na katika pindo lake tukafunga mafundo saba, kama bibi anavyofunga sarafu kwenye ncha ya kanga. Moja Nachingwea, nyingine kama hiyo Ruangwa. Kuanzia Agosti mosi, kila jioni baada ya Magharibi mtoto mmoja alifungua fundo moja. Tuliwaambia ukweli mmoja tu: fundo la mwisho lina habari.

Fundo la kwanza lilikuwa na punje za ufuta. La pili, simbi ya pwani. La tatu, kipande cha kamba. Hapo walibishana usiku kucha: kamba ya ng'ombe, ya kisima, ya kuanikia nguo? La nne lilikuwa na karafuu tatu, na binti wa Nachingwea alizinusa akanyamaza. Tulijua ameshajua. Akauliza waziwazi: "Tunakwenda kwa bibi?" Huu ndio mtego wa kila mama mwenye siri. Ukisema hapana umeshadanganya, ukisema ndiyo umeahidi, na tiketi za boti bado hazijakatwa. Mama yake alimjibu, "Swali zuri. Bado mafundo matatu." Yule binti hakuuliza tena, lakini tulimsikia kitandani anamfundisha mdogo wake jinsi ya kushika ngalawa isipinduke.

La tano lilikuwa na mchoro wa mjusi, kwa ajili ya mtoto wa Ruangwa. Huyu ana wazimu wa dinosaria. Ameona katuni kwenye simu ya baba yake, anazijua kwa majina, na ndoto yake ilikuwa kupelekwa kwenye bustani moja ya ng'ambo yenye dinosaria za plastiki zinazonguruma. Tulikaa naye jioni ile tukamsimulia jambo ambalo hata sisi tulilijua ukubwani. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mfupa mkubwa umejitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, humu humu mkoa wa Lindi. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 wataalamu wa Berlin walichimba pale. Waliochimba hasa walikuwa watu wa huku, mamia, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na wengi walikuja na wake zao na watoto, kukawa na kijiji kizima kilimani. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye Vita vya Maji Maji na njaa yake. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne, kisha zikapakiwa melini. Mjusi mmoja aliyetokana na mifupa ile alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Ana urefu wa zaidi ya meta 13 kwenda juu, na watoto wa Ujerumani wanapanga foleni kumtazama.

Mtoto akakaa kimya. Kisha akauliza kama watoto wa kijiji kile cha wachimbaji waliruhusiwa kuigusa mifupa. Tulisema hatudhani kwamba kuna mtu angeweza kuwazuia.

La sita lilikuwa na noti ya shilingi elfu moja kwa kila mtoto, mkono wa Idi wa mapema, na hapo hata wadogo walianza kuruka. Na la saba, usiku wa tarehe 7, lilikuwa na tiketi za basi zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama dawa. Tiketi halisi, zimelipiwa. Hatukupiga video. Mmoja wetu alijaribu, lakini machozi yalimzuia kuona kioo cha simu. Binti hakupiga mayowe. Aliisoma tiketi yote, jina la kituo, saa, namba ya kiti, akageuza upande wa nyuma akausoma pia, halafu akamkumbatia bibi yake, si mama yake. Tuliikubali.

Safari yenyewe tusiirefushe. Familia mbili tulikutana Nanganga, pale njia ya Ruangwa na ya Nachingwea zinapoingia barabara kuu, wa Ruangwa wamejaa vumbi mpaka kope. Tulibeba vitumbua, mayai, karanga za kukaanga (lazima), tangawizi ya kutafuna kwa anayechefuka, mifuko ya plastiki kwa ambaye tangawizi haikumsaidia, na chupa ya maji ya udhu. Kondakta alipopiga kelele "Mnazi Mmoja!" watoto wadogo walisimama wote wakashangilia, wakidhani wamefika Unguja. Hawakujua kwamba Lindi nako kuna Mnazi Mmoja, njiapanda ya Mtwara. Tulicheka mpaka abiria wakageuka.

Nane Nane tukashinda Ngongo, tukalala Lindi kwa jamaa, na alfajiri tukapanda basi la Dar es Salaam. Tulipofika Rufiji mama mkwe, ambaye naye tulimkatia tiketi bila kumwambia, aliomba kiti cha dirishani. Daraja la Mkapa lina karibu kilomita moja na limefunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu wa Kusini walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika mabasi yaliganda matopeni siku kadhaa, akina mama wakipika kando ya barabara na kuosha watoto kwa maji ya madimbwi. Hata baada ya daraja, kilomita 60 za kutoka Ndundu mpaka Somanga zilichelewa miaka mingi kuwekwa lami. Yeye aliipita njia ile akiwa na mtoto mchanga mgongoni, ambaye leo ni mume wa mmoja wetu. Alilitazama daraja lote, mwanzo mpaka mwisho, akasema: "Hili halijang'olewa?" Hakuna aliyejua kama anatania.

Unguja tulifika siku mbili kabla ya sikukuu. Kunduchi hatukwenda, pesa haikutosha, na kwa kuwa hatukuahidi hakuna aliyedai. Jioni ya sikukuu mosi tuliwapeleka watoto Kariakoo, nguo mpya, viganja vimelowa jasho. Binti wa Nachingwea alipanda pembea na hakutaka kushuka. Alipanda akatapika akapanda tena.

Mwaka uliofuata tulikuwa tumeshaanza kutunza pesa kwa ajili ya Idi ndogo. Machi 17, 2020 skuli zikafungwa kwa sababu ya korona, na safari yetu ikasimama. Tulikaa wawili kwenye simu, tukahesabu tulichonacho, tukakubaliana kuacha. Watoto hawakujua lolote. Kanga ilikuwa sandukuni, pindo lake limenyooka.

Tuliitoa Julai, skuli zimefunguliwa. Watoto wa Nachingwea wakaletwa Ruangwa kulala, wakakuta fundo moja tu, na ndani yake uzi mwekundu. Simba walikuwa wanakuja kucheza na Namungo Uwanja wa Majaliwa, na kombe la ligi walikabidhiwa hapohapo Ruangwa, mji ambao haukupewa hata treni. Baba zao ndio waliowapeleka. Sisi na mama mkwe tulibaki barazani tukichambua mchele wa chakula cha usiku, na kila kelele ilipopanda kutoka uwanjani yeye aliuliza nani amefunga, na sisi tulijibu hatujui.